Noti za shangazi kwenye dirisha la malipo

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu katika hospitali moja ya binafsi hapa Tanga, kwa kuwa miguu ilikuwa imemvimba kwa wiki mbili na majani aliyokuwa akichemsha hayakumsaidia. Hospitali hiyo hulipisha mwishoni: mgonjwa huonwa na daktari, hutolewa damu, kisha hupewa karatasi ya hesabu na kuelekezwa dirishani kabla ya kukabidhiwa majibu yake. Hesabu ya shangazi ilikuwa shilingi 46,500. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa noti nne za elfu kumi, moja ya elfu tano na moja ya elfu mbili, zimekunjwa mara nne na kulainika kwa kukaa mwilini, akazinyoosha moja moja juu ya kaunta kwa kiganja chake. Kijana wa dirishani hakuzigusa. Alionyesha kwa kalamu karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, yenye tangazo kwamba hapo hawapokei fedha taslimu, akasema kwa adabu, "Mama, lipia kwa simu au kwa kadi, namba ni hiyo hapo juu."

Shangazi ana kitochi anachokitumia kupokea simu za watoto wake. Laini iliyomo imesajiliwa kwa jina la mjukuu. Nilivuka barabara kwenda kwa wakala ili aniwekee kiasi hicho kwenye simu yangu, akaniambia floti, yaani salio lake la kuwawekea wateja, imemwishia tangu asubuhi; wa pili alikuwa na floti, lakini mtandao ulikuwa unasumbua na muamala ukaning'inia kwa muda wa kama nusu saa. Niliporudi nilimkuta shangazi amekaa kwenye benchi, noti bado mkononi, na aliniuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Kwani hizi si pesa, mwanangu?"

Mimi ni wakili, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa mikataba na madai ya wafanyabiashara wadogo. Swali la shangazi nimekwisha kuulizwa na pande zote mbili, na mwenye duka anayetaka kujua kama ataruhusiwa kuacha kupokea noti, na mteja aliyekataliwa. Wengi huja wakiwa na hakika kwamba kukataa shilingi ni kosa la jinai, moja kwa moja, popote na kwa yeyote. Jambo hilo halikai hivyo, na ni vyema kila mmoja wetu akajua linakaaje.

Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inaipa Benki Kuu pekee mamlaka ya kutoa noti na sarafu, na inazitambua noti na sarafu hizo kuwa fedha halali. Hapo ndipo watu huanzia, na wengi ndipo wanapoishia. Imani hiyo ilipata nguvu zaidi Machi 2025, zilipotoka kanuni za kuzuia matumizi ya fedha za kigeni katika kuuziana bidhaa na huduma nchini, ambazo zilikataza mtu kutangaza bei kwa dola au kulazimisha alipwe kwa dola. Magazeti na redio zilirudia kwa wiki kadhaa kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee ya nchi, na msikilizaji akaelewa kwamba noti ya shilingi haikataliki. Lakini shabaha ya kanuni zile ilikuwa aina ya fedha. Mtu anayesema "nilipe kwa simu" bado anadai shilingi. Anachokichagua ni umbo ambalo shilingi hizo zitamfikia. Kati ya kukataa shilingi na kukataa karatasi kuna pengo kubwa kisheria.

Maana ya fedha halali, kama tulivyoirithi kutoka katika sheria ya Kiingereza, ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Inahusu deni. Mdaiwa akimpelekea mdai wake fedha halali, kamili, kwa wakati unaotakiwa, na mdai akakataa kuipokea, mdaiwa huyo hawezi kugeuziwa kibao baadaye na kuambiwa kwamba hakulipa. Deni halifutiki kwa kukataliwa, lakini mdai aliyekataa amejidhoofisha mwenyewe mbele ya hakimu, hasa akija kudai riba, adhabu au gharama za kesi. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo ilifuata kwa karibu sana ile ya India ya mwaka 1872, inasema jambo lenye mwelekeo huo huo: aliyejitolea kutimiza ahadi yake kama ilivyotakiwa, upande wa pili ukagoma kupokea, hahesabiwi kuwa amevunja mkataba wala hapotezi haki zake. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inasema pia kwamba ahadi hutimizwa kwa namna aliyoielekeza au kuiridhia yule aliyeahidiwa. Kwa hiyo pande mbili zikikubaliana tangu mwanzo kwamba malipo yatafanyika kwa simu, noti iliyoletwa baadaye si utekelezaji wa makubaliano yale.

Tofauti yote, basi, iko katika swali moja: deni lilikwisha kuzaliwa, au bado?

Chukua mfano wa mama lishe. Kama unalipa kwanza ndipo unapakuliwa, na yeye akakuambia kabla ya kupakua kwamba anapokea kwa lipa namba tu, hakuna deni lolote kati yenu. Wali bado ni wake na noti bado ni yako. Bidhaa iliyopangwa na bei iliyoandikwa ubaoni ni mwaliko tu wa kuja kupatana, na mwenye mali anabaki huru kuamua auze kwa masharti gani, mradi asibague watu kwa misingi iliyokatazwa. Geuza sasa mpangilio huo. Umekaa, umepakuliwa pilau na kachumbari, umekula ukamaliza, umenawa mikono, ndipo unaambiwa hapa hatupokei keshi. Deni limekwisha kuwapo, umetoa noti ambayo sheria inaitambua, na sharti jipya limeletwa baada ya sahani kuwa tupu. Hapo mimi niko upande wa mlaji bila kusitasita.

Mtu atasema, lakini tangazo lilikuwapo ukutani. Lilikuwa wapi? Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mama mmoja aitwaye Olley, aliyekuwa akiishi hotelini na kuibiwa makoti yake ya manyoya chumbani. Hoteli ilijitetea kwa kibandiko kilichokuwa kwenye ukuta wa chumba, kikisema haiwajibiki kwa mali iliyopotea. Mahakama ilisema kibandiko kile kilikuja kwa kuchelewa, kwa sababu mkataba ulikwisha kufungwa mapokezi, kabla mgeni hajapanda ngazi na kuona ukuta wa chumba chake. Maamuzi ya Uingereza ya miaka hiyo hayazifungi mahakama zetu, lakini husikilizwa kwa uzito, na kanuni yenyewe ni ya haki ambayo haihitaji kuvuka bahari: sharti ambalo mtu hakuwa na nafasi ya kulijua kabla ya kukubali halimfungi. Karatasi ya hospitali ile ilibandikwa kwenye kioo cha dirisha la malipo. Langoni haikuwapo, mapokezi haikuwapo, na nesi aliyemtoa shangazi damu hakusema neno. Kwa maoni yangu noti zile sita zilikuwa malipo halali ya deni halali, na hospitali haikuwa na haki ya kuyashikilia majibu yake.

Nimesema "kwa maoni yangu" kwa makusudi, kwa sababu sheria yetu haisemi waziwazi kwamba mtoa huduma analazimika kupokea noti, wala haisemi waziwazi kwamba anaweza kuzikataa. Mtu analazimika kuunganisha Sheria ya Benki Kuu, Sheria ya Mikataba na maamuzi ya zamani ili apate jibu, na mgonjwa aliyesimama dirishani hana muda wa kufanya hivyo wala hana wakili kando yake.

Upande wa ofisi za umma swali ni zito zaidi. Duka lina majirani. Ukikataliwa hapa utanunua pale. Lakini leseni, ada ya mahakama, faini na hati ya ardhi hupatikana mahali pamoja tu, na deni lake halitokani na makubaliano bali na amri ya sheria. Tangu mwaka 2017, mfumo wa kukusanya mapato ya Serikali umekuwa ukienea kwa kutumia namba ya malipo, ambayo mwananchi hupewa na ofisi kisha huenda kuilipia benki, kwa wakala au kwa simu yake. Nauheshimu mfumo huo. Wenye umri wangu tunakumbuka stakabadhi za kuandikwa kwa mkono ambazo nakala yake ilikuwa na tarakimu tofauti na ya mlipaji, na tunajua ni fedha kiasi gani zilikuwa zikiishia njiani. Pia ni kweli kwamba mwenye noti hajafungiwa mlango kabisa, kwa sababu benki na wakala watazipokea noti zake na kuzigeuza kuwa malipo ya kielektroniki. Hoja yangu ni juu ya gharama na uhakika wa njia hiyo: makato analipa nani, na floti ikiisha au mtandao ukikatika, siku ya mwisho ya kulipa bila adhabu inasogezwa na nani?

Wajerumani wamelipitia swali hili hadi mwisho, na nimelisoma shauri lao mara kadhaa. Wananchi wawili wa huko, Johannes Dietrich na mwandishi wa habari Norbert Häring, walitaka kulipa kwa noti mchango wa lazima wa redio na televisheni. Shirika la utangazaji la jimbo la Hesse, Hessischer Rundfunk, lilikataa, likisema kanuni zake haziruhusu fedha taslimu. Kiasi kilichobishaniwa kilikuwa kidogo, euro 17.50 kwa mwezi, lakini shauri lilipanda hadi mahakama ya juu ya utawala ya Ujerumani, ambayo nayo ililipeleka Luxembourg kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Hukumu ilitolewa Januari 26, 2021. Mahakama ilisema kwamba noti kuwa fedha halali kunabeba, kimsingi, wajibu wa kuzipokea. Lakini nchi inaweza kuuwekea wajibu huo mipaka kwa sababu ya masilahi ya umma, kwa mfano kuepuka gharama kubwa za kukusanya fedha taslimu kutoka kwa mamilioni ya walipaji, mradi mipaka hiyo isizidi kinachohitajika na ziwepo njia nyingine halali za kulipa. Kisha ikaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hukumu: mahakama ya nchi ilitakiwa kupima kama njia hizo nyingine kweli zinafikiwa na watu wote. Mwaka uliofuata mahakama ya Ujerumani iliwakatalia wadai wale wawili, kwa kuwa wao walikuwa na akaunti za benki, lakini ikasema wasioweza kupata akaunti lazima wawekewe njia ya kulipa kwa fedha taslimu.

Sweden, nchi inayotajwa kila mara kama mfano wa jamii iliyoachana na noti, ina uamuzi ulio karibu zaidi na dirisha la shangazi. Mwaka 2015 mahakama yake ya juu ya utawala ilisema kwamba mamlaka ya afya ya Kronoberg haiwezi kukataa fedha taslimu kwa ada za wagonjwa. Duka la kahawa la Stockholm liko huru kukataa, kwa uhuru wa kufanya mikataba. Huduma ya afya ya umma haiko huru hivyo.

Nikirudi nyumbani, kipimo kile cha Luxembourg, yaani kama njia nyingine zinafikiwa na wote, ndicho ninachotaka tukitumie. Hapa fedha za simu zinategemea laini, laini inategemea usajili wa alama za vidole, na usajili huo unategemea namba ya NIDA. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Mtu ambaye kitambulisho chake kimekwama kwa sababu ya herufi moja ya jina amefungiwa mlango wa kwanza, na hivyo amefungiwa yote inayofuata. Wengi hufanya alivyofanya shangazi, wakatumia laini ya ndugu, na kisheria fedha iliyo ndani yake inasomeka kuwa ya yule ndugu. Nimeshughulikia mirathi miwili ambamo akiba ya marehemu ilikuwa kwenye laini ya mtu mwingine, na kila mmoja ulitusumbua kuliko nyumba na shamba.

Kuna pia suala la makato. Noti ya elfu kumi ikipita mikono ishirini inabaki elfu kumi. Elfu kumi ya kwenye simu hupungua kila inapotumwa na kila inapotolewa. Julai 2021 tuliona jinsi njia ya malipo inavyoweza kugeuzwa kuwa chanzo cha kodi, ilipoanza tozo ya miamala ya simu iliyofikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na kwa miezi ile watu walirudi kwenye noti na bahasha za kupelekwa na makondakta wa mabasi, hadi tozo ilipoanza kupunguzwa. Mwananchi aliweza kukwepa kwa sababu noti zilikuwa bado zinapokelewa. Jirani zetu wa Kenya nao walifika mahakamani kwa jambo la namna hii: Aprili 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kuwataka wazazi walipe karo za shule kupitia eCitizen, mfumo wa Serikali wa huduma na malipo ya mtandaoni, ikiona wananchi hawakushirikishwa, na ada ya shilingi 50 iliyokuwa ikikatwa kwa kila malipo haikuwa na msingi wa kisheria.

Na mtandao hukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mwenye maji ya kuuza na mwenye kiu siku kama hizo walihitaji kitu cha kupeana mkononi.

Sitaki kumsahau mfanyabiashara, kwa kuwa ni mteja wangu na nyakati nyingine ndiye mwenye haki. Mwanamke mmoja mwenye duka la dawa aliniambia aliacha kupokea noti baada ya saa mbili usiku kwa sababu alivamiwa mara mbili, na mara ya pili msaidizi wake alikatwa mkono. Mwingine alichoshwa na chenji, akawa anawapa wateja pipi badala ya sarafu, hadi walipomgombeza. Sheria itakayomlazimisha kila mwenye kibanda apokee noti saa zote haitamwangalia mama huyu wa duka la dawa. Norway, iliyoimarisha haki ya kulipa taslimu kuanzia Oktoba 1, 2024, iliweka mipaka: haki hiyo iko katika maeneo ya kudumu ya biashara, kwa malipo yasiyozidi krone 20,000, na haihusu mashine wala mahali pasipo na mhudumu. Jiji la New York, ambalo tangu Novemba 2020 linayataka maduka yapokee noti, linaliachia duka lenye mashine ya kugeuza noti kuwa kadi, kwa sharti kwamba mteja asikatwe kitu kwa kugeuziwa.

Ningekuwa natunga kanuni zetu, ningemwacha mwenye duka na mwenye mgahawa achague, ila tangazo lake liwe mlangoni, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka kabla mtu hajaingia. Akilificha ndani, apokee noti. Hospitali, vivuko, maji, umeme, mahakama na ofisi yoyote inayotoza kwa nguvu ya sheria wawe na dirisha moja la fedha taslimu kwa saa zote za kazi, na asiyelipa kwa simu asilipe zaidi ya anayelipa kwa simu. Mfumo ukianguka, muda wa adhabu usimame hadi mfumo urudi. Na hospitali, ya umma au ya binafsi, isizuie majibu wala dawa ya mgonjwa ambaye ameshika fedha kamili mkononi.

Siku ile muamala ulikamilika saa nane kasoro mchana, na shangazi akapewa majibu yake: figo ziko salama, tatizo ni shinikizo la damu. Kwenye gari alinihesabia noti zake sita akazitia mfukoni mwa shati langu. Nilipokataa, alisema hadaiwi na mtoto wa kaka yake. Nilimrudishia shilingi mia tano ya chenji, akaifunga kwenye pindo la kanga. Wiki hiyo hiyo niliuandikia uongozi wa hospitali barua ya kurasa mbili, nikiomba tangazo lihamishiwe langoni na dirisha la pili lifunguliwe kwa wanaolipa kwa noti. Walinipigia simu kuthibitisha kwamba wameipokea, na nimepangiwa kuonana na mhasibu wao mkuu Jumanne ijayo.